Kujifungua kwa upasuaji: Hesabu ya fedha na hesabu ya uhai

Idadi ya wanawake wanaojifungua kwa njia ya upasuaji inazidi kuongezeka karibu katika kila pembe ya dunia. Wataalamu wa afya wanasema sehemu ya ongezeko hilo haitokani na haja ya tiba, bali na jinsi hospitali na madaktari wanavyolipwa. Mtaa wa Southall, magharibi mwa jiji la London, ambao wakazi wake wengi wana asili ya Asia, Somalia na Afrika Mashariki, unaonyesha namna hesabu hiyo inavyomfikia mama mzazi hata katika nchi ambako wengi hawalipi kitu wanapoingia hospitalini.

Hospitali isiyo na wodi ya wazazi

Hospitali ya Ealing, iliyoko barabara ya Uxbridge mjini Southall, ilifunguliwa mwaka 1979. Kwa miaka mingi ilizalisha watoto wa familia zilizohamia eneo hilo kutoka Punjab, pamoja na Waasia waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Baadaye wakaja Wasomali waliokimbia vita, wengi wao wakiwa wamepitia Kenya. Haishangazi basi kukisikia Kiswahili kikizungumzwa katika maduka ya Southall.

Tarehe mosi Julai mwaka 2015 wodi ya wazazi ya hospitali hiyo ilifungwa. Tangu siku hiyo wajawazito wa Southall hujifungulia katika hospitali nyingine, kama vile Hillingdon, West Middlesex, Northwick Park na Queen Charlotte's. Mwaka uliofuata wodi ya watoto nayo ikafungwa.

Uamuzi huo ulikuwa sehemu ya mpango mkubwa wa kupanga upya hospitali za kaskazini magharibi mwa London. Waliouandaa walisema kuwa hospitali chache zenye madaktari bingwa wa uzazi wodini usiku na mchana ni salama zaidi kuliko hospitali nyingi zenye madaktari wachache. Baraza la mji wa Ealing na wakazi wengi walipinga. Tume huru iliyoongozwa na wakili Michael Mansfield ilipendekeza mwezi Desemba 2015 kwamba mpango mzima usimamishwe. Mwezi Machi mwaka 2019 serikali ilitangaza kuachana nao, lakini wodi ya wazazi ya Southall haikurudishwa.

Ndani ya mvutano huo kuna suala la uchumi ambalo watu wa kawaida hulisikia kwa nadra. Wodi inayoweza kumpasua mama wakati wowote inahitaji chumba cha upasuaji kilicho tayari, daktari wa uzazi, daktari wa nusukaputi, wauguzi, damu ya akiba na wataalamu wa watoto wachanga. Watu hao hulipwa hata usiku ambao hakuna anayepasuliwa. Gharama hiyo haipungui kwa sababu wazazi ni wachache. Hospitali yenye wazazi wengi huigawanya kwa watu wengi, na ile yenye wazazi wachache hulemewa. Kwa hiyo gharama ya kuwa tayari kwa upasuaji ni miongoni mwa mambo yanayoamua wodi ipi ibaki na ipi ifungwe.

Kiwango gani kinafaa?

Mwaka 1985 wataalamu waliokutana mjini Fortaleza, Brazil, chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, walisema hakuna sababu ya eneo lolote kuwa na kiwango cha upasuaji wa uzazi kinachozidi asilimia 10 hadi 15. Mwaka 2015 WHO ililitazama upya suala hilo. Ilisema kiwango kinapopanda hadi asilimia 10 ya uzazi wote katika nchi, vifo vya akina mama na watoto wachanga hupungua. Kikizidi hapo, hakuna ushahidi kwamba vifo vinaendelea kupungua kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Hata hivyo shirika hilo lilitahadharisha kwamba lengo lisiwe kufikia tarakimu fulani, bali kumfanyia upasuaji kila mwanamke anayeuhitaji.

Takwimu zilizotolewa na WHO mwaka 2021 zilionyesha kwamba asilimia 21 ya watoto duniani huzaliwa kwa upasuaji, na zikakadiria kuwa kiwango hicho kitakaribia asilimia 30 ifikapo mwaka 2030. Katika nchi za Brazil, Misri, Uturuki, Cyprus na Jamhuri ya Dominika, upasuaji tayari ulikuwa umeipita njia ya kawaida. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara wastani ulikuwa takriban asilimia 5 tu.

Utafiti uliofanywa kwa ajili ya WHO na kutolewa mwaka 2010 uliiweka tofauti hiyo katika fedha. Ulikadiria kwamba mwaka 2008 zilifanyika operesheni za uzazi milioni 6.2 zisizo na ulazima, zilizogharimu dola bilioni 2.32 za Marekani. Mwaka huo huo wanawake milioni 3.18 waliohitaji upasuaji waliukosa, na kuwahudumia kungegharimu dola milioni 432. Kwa maneno mengine, fedha zilizotumika kuwapasua wasiohitaji zingetosha kuwahudumia waliokosa zaidi ya mara tano.

Fedha zinavyoelekeza kisu

Kwa nini daktari ampasue mwanamke asiyehitaji? Jibu la kwanza ni muda. Uchungu wa mtoto wa kwanza waweza kuchukua saa kumi na mbili au zaidi, na haujali kama ni usiku wa manane au siku ya sikukuu. Upasuaji humalizika ndani ya saa moja, na unaweza kupangwa asubuhi ya siku ya kazi. Daktari anayelipwa kwa kila mgonjwa anaweza kuwahudumia wanne au watano katika muda ambao angemsubiri mmoja.

Jibu la pili ni ada. Mahali ambapo bima hulipa fedha nyingi zaidi kwa upasuaji, pamoja na siku za ziada za kulazwa, hospitali inayozalisha kwa njia ya kawaida hujikuta ikipoteza mapato. Katika hospitali binafsi za Brazil zaidi ya asilimia 80 ya wanawake hujifungua kwa upasuaji. Afrika Kusini nako kuna mifano miwili ndani ya nchi moja. Wanawake wenye bima wanaotumia hospitali binafsi hupasuliwa kwa kiwango kinachopita asilimia 70, kikiwa kimeiacha mbali sana sekta ya umma. Maumbile ya wanawake wa nchi moja hayatofautiani kiasi hicho. Kinachotofautiana ni anayelipa na jinsi anavyolipa.

Jibu la tatu ni hofu ya kushtakiwa. Daktari aliyechelewa kufanya upasuaji anaweza kufikishwa mahakamani, lakini ni nadra kwa daktari kushtakiwa kwa sababu aliharakisha. Nchini Uingereza huduma ya taifa ya afya, NHS, hulipa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka kutokana na madai ya makosa katika uzazi. Mtoto mmoja aliyeumia ubongo kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuhitaji malezi ya maisha yote, na fidia yake hufikia mamilioni ya pauni.

Uingereza: Mshahara badala ya ada

Southall si Brazil. Daktari wa NHS hupokea mshahara, wala haongezewi kitu kwa kumpasua mama. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake waliojifungua kwa upasuaji nchini England hawakufika mmoja kati ya kumi. Ukaguzi wa taifa wa mwaka 2001 ulikuta kiwango kimepanda hadi asilimia 21.5 katika England na Wales. Hivi sasa kimepita asilimia 40.

Serikali ilijaribu kuondoa kishawishi cha fedha kwa upande wa hospitali. Kuanzia mwaka 2003 NHS ilianzisha utaratibu wa kuilipa hospitali kwa kila kazi iliyofanyika, na upasuaji ukawa na bei kubwa kuliko uzazi wa kawaida. Mwezi Aprili 2013 utaratibu wa uzazi ukabadilishwa. Hospitali ikawa inalipwa fungu moja kwa ajili ya kujifungua, likitofautiana kulingana na matatizo aliyokuwa nayo mama, si kulingana na njia aliyojifungulia. Pamoja na mabadiliko hayo kiwango cha upasuaji kiliendelea kupanda, jambo linaloonyesha kuwa bei si sababu pekee.

Nani basi anagharimika zaidi? Taasisi ya NICE, inayoishauri NHS kuhusu tiba na thamani yake, ilikadiria mwaka 2011 kwamba upasuaji uliopangwa unagharimu takriban pauni 700 zaidi ya uzazi wa kawaida uliopangwa. Lakini ilipoingiza gharama za kuwatibu baadaye wanawake wanaoshindwa kuzuia mkojo baada ya kuzaa, tofauti hiyo ilishuka hadi pauni 84. Mwaka huo huo NICE ilielekeza kwamba mwanamke anayeomba upasuaji, na akabaki na msimamo huo baada ya kushauriwa na kuelezwa faida na hatari, akubaliwe.

Utafiti mwingine wa England, uliowafuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wasio na dalili za hatari, ulichunguza mahali pa kujifungulia. Gharama ya wastani kwa mama aliyepanga kujifungulia katika wodi ya madaktari ilikuwa pauni 1,631. Kwa aliyepanga kujifungulia katika kituo cha wakunga kilicho nje ya hospitali ilikuwa pauni 1,435, na kwa aliyepanga kuzalia nyumbani pauni 1,067. Wanawake waliopanga kuzaa chini ya wakunga walipasuliwa kwa nadra zaidi. Kwa waliopanga kujifungulia katika vituo vya wakunga watoto hawakuwa katika hatari kubwa zaidi, ila kwa mama wa mtoto wa kwanza aliyechagua nyumbani hatari kwa mtoto iliongezeka kidogo. Kwa hiyo njia iliyo nafuu inahitaji wakunga wa kutosha, nao ni haba.

Sukari, umri na kovu la kwanza

Sababu nyingine za ongezeko zimo katika miili ya akina mama wenyewe. Wanawake wa Uingereza sasa huzaa wakiwa na umri mkubwa zaidi kuliko mama zao, na wengi wana uzito uliozidi. Southall ina sababu yake ya ziada. Uchunguzi maarufu wa ugonjwa wa kisukari uliofanyika mtaani humo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985, ulikuta kwamba kisukari miongoni mwa wakazi wenye asili ya Asia kilikuwa karibu mara nne ya kile cha Wazungu.

Mjamzito mwenye kisukari anaweza kupata mtoto mkubwa kupita kiasi. Madaktari mara nyingi huamua kuuanzisha uchungu kwa dawa kabla ya siku zake kutimia, na uchungu ukishindwa kusonga mbele mama hupelekwa katika chumba cha upasuaji. Pauni zinazotumika mapema kumpima mama sukari, kumshauri kuhusu chakula na kumfuatilia kliniki ni chache kuliko zinazotumika siku ya operesheni. Lakini hutoka katika mfuko mwingine na kwa wakati mwingine, na hapo ndipo mipango mingi hukwama.

Kisha lipo kovu. Mwanamke aliyepasuliwa mara moja huingia ujauzito wa pili akiwa na alama katika mfuko wa uzazi. Takwimu za madaktari wa uzazi wa Uingereza zinaonyesha kwamba kati ya wanawake wanne wanaojaribu kuzaa kwa kawaida baada ya upasuaji mmoja, takriban watatu hufanikiwa, na kwamba kovu huachia kwa mmoja kati ya 200. Hatari hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuwafanya wengi wachague kupasuliwa tena. Kila upasuaji unaofuata huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza juu ya kovu na kusababisha kutokwa na damu nyingi. Kwa familia inayotaka watoto wawili hatari hiyo ni ndogo. Kwa familia inayotaka sita, upasuaji wa kwanza usio wa lazima ni deni ambalo mama ataendelea kulilipa.

Wanaokiogopa kisu

Wasomali wa London wanalifahamu vyema jambo hilo. Utafiti uliofanyika katika jiji hilo kati ya mwaka 2005 na 2006 ulikuta wanawake wa Kisomali wengi wakiuogopa upasuaji wa uzazi, na baadhi yao wakiuona kuwa ni njia ya kifo. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Ilitokana na kumbukumbu za nyumbani, ambako anayepelekwa kupasuliwa ni yule aliyekwisha kuchelewa. Watafiti waliona kwamba hofu hiyo ilimfanya mama achelewe kutafuta msaada au kukataa operesheni, huku madaktari wakikosa namna ya kuzungumza naye kwa utulivu.

Hapa kuna kitu kisichoonekana katika wastani wa taifa. Mtaa mmoja unaweza kuwa na wanawake wanaopasuliwa bila haja, na nyumba ya pili mwanamke anayehitaji akachelewa. Ripoti za kitaifa kuhusu vifo vya wazazi zilizotolewa mwaka 2019 zilionyesha kwamba wanawake weusi nchini Uingereza walikuwa na uwezekano wa kufa kutokana na uzazi mara tano ya wanawake Wazungu, na wenye asili ya Asia mara mbili. Pengo la wanawake weusi limepungua tangu wakati huo, lakini halijafutika. Northwick Park, mojawapo ya hospitali zinazowapokea wazazi wa Southall, ilichunguzwa na tume ya taifa baada ya wanawake kumi kufariki dunia kati ya mwaka 2002 na 2005.

Wasio na haki ya huduma ya bure

Kwa sehemu kubwa ya wakazi wa Southall huduma ya uzazi ni bure. Lakini kwa mwanamke ambaye viza yake imekwisha, au aliyekuja kama mgeni, hesabu ni tofauti. Tangu mwaka 2015 wageni kutoka nje ya Ulaya wasio na haki ya huduma hiyo hutozwa asilimia 150 ya gharama ambayo NHS yenyewe hulipa. Uzazi wenye matatizo huwa na bili kubwa zaidi. Bili hizo hufikia maelfu ya pauni, na deni la pauni 500 au zaidi linaweza kutumiwa kama sababu ya kumnyima mtu viza.

Sheria inasema wazi kwamba huduma ya uzazi ni ya dharura, na hakuna hospitali inayoruhusiwa kumkatalia mama kwa kuwa hakulipa kwanza. Tatizo ni kwamba wengi hawajui hivyo. Mashirika yanayowatetea yanasema wapo wanaokwepa kliniki kwa kuogopa bili, wakaja kufika hospitalini hali ikiwa imeharibika. Hapo ndipo upasuaji wa dharura, ulio ghali na wa hatari zaidi, unapokuwa hauepukiki.

Afrika Mashariki: Wengi mno na wachache mno

Upasuaji wa uzazi si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin aliushuhudia katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na Felkin akaandika kwamba mama na mtoto walinusurika.

Leo eneo hilo lina matatizo mawili kwa wakati mmoja. Vijijini mwanamke anaweza kukaa na uchungu siku mbili bila kumfikia daktari, akampoteza mtoto na kubaki na ugonjwa wa fistula. Mijini mambo ni kinyume. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti ulionyesha kwamba upasuaji ulipanda kutoka asilimia 19 ya wazazi mwaka 2000 hadi asilimia 49 mwaka 2011, ukiongezeka hata kwa wanawake wasio na dalili za hatari. Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi mwezi Oktoba 2024 huzilipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na shilingi 30,000 kwa upasuaji. Kwa kuwa upasuaji hutumia dawa na watu wengi zaidi, tofauti hiyo ina sababu. Lakini mwenye hospitali binafsi anayetafuta faida hulazimika kuikumbuka kila siku.

Tena gharama si ya fedha peke yake. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, zaidi ya watano walifariki dunia. Kiwango hicho ni takriban mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Operesheni ambayo London ni jambo la kawaida, barani Afrika bado ni safari yenye hatari, na kumpeleka mama safari hiyo bila sababu ni kosa kubwa zaidi huko kuliko Southall.

Fundisho la Shrewsbury

Pamoja na hayo, Uingereza imejifunza kwa gharama kubwa kwamba kupunguza upasuaji kwa amri kunaweza kuua. Hospitali za Shrewsbury na Telford zilisifiwa kwa miaka mingi kwa kiwango chao kidogo cha upasuaji. Uchunguzi ulioongozwa na mkunga mwandamizi Donna Ockenden, uliokamilika mwezi Machi 2022, ulisema kwamba watoto 201 huenda wangeishi kama wangepata huduma bora. Baadhi ya akina mama walikuwa wameachwa waendelee na uchungu wakati walipaswa kupasuliwa.

Mwezi Februari mwaka huo NHS ilikuwa tayari imeziagiza hospitali za England ziache kutumia kiwango cha jumla cha upasuaji kama kipimo cha ubora. Badala yake zilitakiwa kutumia utaratibu uliobuniwa na daktari Michael Robson mwaka 2001, ambao WHO iliupendekeza mwaka 2015. Utaratibu huo huwagawa wazazi katika makundi kumi, kwa mfano mama wa mtoto wa kwanza aliyeanza uchungu mwenyewe, au aliyewahi kupasuliwa. Hospitali ikiona kundi lisilo na hatari linapasuliwa kwa wingi, inajua pa kuanzia kuuliza maswali.

Wataalamu wengi sasa wanakubaliana juu ya mambo machache. Malipo yasimpe daktari wala hospitali faida kwa kuchagua kisu. Wakunga waongezwe, ili mama asiwe peke yake wakati wa uchungu. Upasuaji wa kwanza upimwe kwa makini kuliko mwingine wowote. Na mwanamke aelezwe, kwa lugha anayoielewa, faida na madhara ya kila njia kabla siku yake haijawadia.

Kwa wajawazito wa Southall suala la mwisho ndilo lililo karibu zaidi nao. Hospitali ya mtaani kwao haizalishi tena, na safari ya kwenda Hillingdon au Northwick Park huenda ikaanza saa nane za usiku. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni haki ya mzazi huyo kuujua pia uamuzi utakaofanywa juu ya mwili wake, na sababu zake.